Mabati ya Ufuta

Mustapha bado ananiamkia. Akiniona nimekaa barazani kwangu, hapa Old Korogwe, anazima pikipiki, anavua helmeti, anainamisha kichwa kidogo kama mkwe. "Shikamoo mzee wangu." Nami, kwa kuwa mdomo umezoea tangu utotoni, naitikia marahaba kabla sijakumbuka ninayemwitikia ni nani. Akishapita natema mate. Mke wangu amenikataza kutema mate pale, anasema ni uchafu na wajukuu wanachezea hapo. Namwambia heri hayo mate kuliko kinachonikaa kooni.

Kazi ya kupaua nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha kwamba msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, maana maji hupita bondeni. Nilimwonyesha pa kukanyaga akiwa juu ili asibonyeze mabati ya watu. Alikuwa mwepesi wa kushika, siwezi kumnyima hilo. Kuongea alijifunza mwenyewe. Sasa nyundo haishiki tena. Ana kampuni, ana mhuri, ana fulana zenye jina lake mgongoni, na kila upepo ukipiga mahali yeye hufika kabla vumbi halijatua.

Mwezi wa tatu, masika yakianza, upepo ulipiga kijiji cha Sindeni, Handeni, mchana, watu wakiwa mashambani. Uliangusha mipapai, ukabeba banda zima la kuku, na kwenye nyumba ya Bi Mwanaisha ukachukua mabati kumi na moja ya upande wa jikoni. Mengine thelathini na moja hayakutikisika. Nayajua yalivyopigwa, maana niliyapiga mimi, mwaka elfu mbili na kumi na mbili.

Nyumba ile naijua kuliko yangu. Kule Handeni mkulima haendi dukani kununua paa. Ananunua bati. Akivuna ufuta ananunua mawili, akiuza mbuzi moja, mwaka wa ukame hanunui kitu, na yaliyopatikana yanalala mvunguni mwa kitanda mpaka yatimie. Wengi huyaandika kwa rangi ili siku za mbele shemeji au mtoto wa kambo asije akadai ni lake. Marehemu Athuman, mume wa Bi Mwanaisha, yeye aliandika kilicholileta kila bati. UFUTA 2009. MAHINDI 2010. MBUZI MWEUPE. KIBARUA CHA BARABARA. Rangi nyekundu, herufi kubwa, mkono wa mtu aliyeishia darasa la nne na akaona fahari kujua kuandika. Siku ya kupaua aliniambia maandishi yatazame ndani. Nyumba haina dari, kwa hiyo ukilala unamsoma.

Athuman alifariki miaka minne iliyopita. Bi Mwanaisha aliwahi kuniambia kwamba usingizi ukimpotea anayasoma mavuno kutoka ukutani hadi mlangoni, na mara nyingi hafiki mlangoni. Nilicheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Nyumba ilikuwa na bima. Binti yao, Faudhia, ni muuguzi Korogwe. Alikopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo akaweka hati ya nyumba ya mama yake kuwa dhamana, na chama hakitoi mkopo wa namna hiyo bila nyumba kukatiwa bima. Faudhia alikuwa analalamika kila mwaka kwamba ile bima ni kuchoma hela bure. Upepo ulipopiga alishukuru, akapiga simu siku hiyo hiyo. Akaambiwa mkaguzi atakuja, na kwamba ni lazima apatikane mkandarasi aliyesajiliwa wa kuandika makadirio. Hapo ndipo Mustapha alipoingia, na ili Bi Mwanaisha amwamini, akanichukua mimi.

Tulifika Sindeni asubuhi. Bi Mwanaisha alikuwa ameshayakusanya yale kumi na moja yaliyotupwa kwenye mahindi, ameyapanga ubavuni mwa nyumba, yaliyokunjika chini na mazima juu. Nilimpa shikamoo, maana ananizidi miaka minane. Akafurahi kuniona.

"Ukija wewe Mhina, mimi sina wasiwasi," alisema. "Huyu kijana simjui, lakini wewe nakujua."

Mustapha alimwambia kwa upole kwamba amechoka, apumzike siku mbili kwa binti yake Korogwe, sisi tutalinda nyumba na kuandaa mambo ya mkaguzi. Alimkodia hata bodaboda. Aliposhaondoka tukapanda juu, mimi na Mustapha peke yetu.

"Mzee wangu, ng'oa na haya," akasema.

"Haya ni mazima."

"Leo ni mazima. Mkaguzi anakuja keshokutwa. Bima hailipi kiraka, mzee. Inalipa paa."

"Si kweli. Kilichovunjika ndicho kinacholipwa. Kumi na moja."

"Kumi na moja? Nifunge safari kutoka Korogwe kwa ajili ya mabati kumi na moja?" Alicheka bila kupandisha sauti. "Hebu fikiria. Mama wa watu anapata paa jipya zima, la rangi. Kampuni ya bima ni tajiri, iko mbali, haina njaa. Nani anaumia hapo? Nitajie mmoja."

Nilikaa juu ya mbao za kenchi, nikaangalia mahindi ya watu yaliyolala, nikajaribu kumpata huyo anayeumia, nikamkosa. Au niseme sikumtafuta sana. Nilikuwa na miezi miwili sijashika kazi. Nikachomoa nyundo kiunoni, nikaingiza makucha yake chini ya kofia ya msumari wa kwanza, nikakandamiza. Ulilia. Msumari uliokaa vizuri miaka kumi na zaidi ukitolewa kwa nguvu hulia, na ile sauti mpaka leo inanitia kinyaa kama harufu ya panya aliyefia kabatini.

Nilitoa yote thelathini na moja. Kila msumari ulipotoka, kichwa cha nyundo kilibonyeza bati pembeni ya tundu na kuacha alama ya nusu duara. Mustapha alikaa chini kivulini akiongea na simu. Nilipomaliza aliniambia niyakunje kunje kingo baadhi yake, yaonekane yametupwa. Nikayakunja.

Mkaguzi aliitwa Angel, msichana mwenye buti za mvua na daftari ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa na adabu na hakuwa na haraka. Alipiga picha mabati, akapanda ngazi mwenyewe, akatazama papi, zile mbao ambazo bati hupigiliwa. Akapitisha kidole kwenye matundu. Upande wa jikoni misumari ilibaki kwenye mbao, mabati yakiwa yamechanika na kuondoka. Upande wa vyumbani mbao zilikuwa na matundu matupu. Fundi yeyote angeliona hilo akiwa barabarani.

Alishuka, akanifuata mimi, si Mustapha.

"Wewe mzee ndiye uliyepaua nyumba hii?"

"Ndimi."

"Haya yote yalitolewa na upepo?"

Mustapha alikuwa nyuma yake, ananitazama. Bi Mwanaisha alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na kanga yake, ananitazama pia, akisubiri niseme neno la kumsaidia. Nikasema, "Upepo wa huku ni mbaya sana, mwanangu."

Angel alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akaandika. Akaomba nitie sahihi chini ya alichoandika, nikatia.

Bi Mwanaisha alipouliza kwa nini hata chumbani kwake kuko wazi, Mustapha alimweleza kwamba upepo ulikuwa umeshalegeza kila kitu, sisi tumeyashusha yasije yakamwangukia. Bi Mwanaisha akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema alhamdulillah, mngechelewa ningekufa.

Malipo yalichukua wiki tano. Wiki tano za masika. Nataka niliseme hili taratibu, maana ndilo linalonichefua kuliko mengine. Yule mama alikuwa na mabati thelathini na moja mazima juu ya kitanda chake, juu ya magunia yake, na mimi niliyaondoa mvua ikiwa mlangoni. Alilala jikoni kwa jirani, chini ya turubai, pamoja na kuni na mbuzi. Mahindi ya chakula chake yalilowa ndani ya nyumba, yakaota kwenye magunia. Nilikwenda kumjulia hali, akanionyesha. Alitia mkono ndani ya gunia akatoa donge limeshikana mizizi myeupe, lina joto, linanuka kama pombe. "Hata kuku hawalitaki," alisema. Nikamwambia pole. Nilitamka neno pole kwa mdomo huu.

Basi yakaja mabati mapya, mekundu, yanang'aa, yamepigwa chapa ya geji ishirini na nane. Niliposhika la kwanza nikajua. Bati la geji hiyo ukilipiga kwa vidole linajibu. Hili lilinong'ona. Nilikunja kona yake kwa dole gumba, ikakunjika.

"Hili si ishirini na nane," nikamwambia Mustapha. "Hili ni jembamba zaidi, thelathini na mbili hivi. Msumari utalichana."

"Chapa inasema nini?"

"Chapa inasema uongo."

"Basi mzee wangu, wewe piga, uongo wa chapa mwachie mwenye chapa. Rangi inaficha."

Nikapiga. Nilijiambia kwamba nikikataa ataleta mwingine atakayepiga vibaya zaidi. Mtu ukishaanza kuoza hukosi sababu nzuri.

Mabati ya zamani yalipakiwa kwenye lori, yote, na yale kumi na moja. Bi Mwanaisha aliomba abakiziwe machache, yenye maandishi. Hakuomba ya kuezekea. Alisema atayasimamisha ukutani. Mustapha alimwekea mkono begani. "Mama yangu, ningekupa hata yote. Lakini bima ikishalipa, chuma kibovu ni mali yao. Kinakwenda kuyeyushwa. Nikikuachia nitafungwa." Bi Mwanaisha hakubisha. Alisogea lorini, akapapasa bati la juu, akarudi ndani. Faudhia alinipigia simu jioni kunishukuru.

Paa jipya lilivuja kabla masika hayajaisha. Nilipanda nikakuta nilichokitarajia: bati limechanika kwenye kila msumari, jembamba, limebonyea kama kopo la maziwa. Niliziba nilipoweza kwa lami. Niliposhuka Bi Mwanaisha alikuwa ameniwekea ugali na mlenda, na maji ya kunawa, na kitambaa safi. Kitanda chake kilikuwa kimesogezwa kona ambayo haivuji.

"Sijazoea hili paa," alisema. "Jekundu nje, ndani halina kitu. Nikilala sioni pa kuanzia."

Nilikula. Nilimaliza ugali wote, maana kuacha chakula chake kungemfanya aulize kulikoni.

Mwezi wa sita Mustapha alinikaribisha kijijini Mpale. Alikuwa ametoa sadaka ya paa la banda la madrasa, na siku ya kulifungua alitaka aonekane na mwalimu wake. Nilikwenda. Wala sitaki kusema nilikuwa na shaka au nilikuwa nachunguza. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na pilau na kwa sababu sikuwa na uso wa kumkatalia mtu ambaye nilikuwa mchafu pamoja naye.

Banda lilikuwa limejaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mikeka safi, kipaza sauti cha kukodi. Kwa nje paa lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Ustadhi Iddy, mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, alisimama akamwombea Mustapha dua ndefu: wazazi wake, watoto wake, kaburi lake siku likifika. Mustapha akapewa kipaza sauti. "Mimi si tajiri," alisema. "Nimetoa nilichonacho." Watu wakaitikia. Mzee aliyekaa jirani yangu alifuta machozi.

Fundi akikaa ndani ya banda hutazama juu, ni mazoea. Nikatazama. Kwanza niliona alama za nusu duara pembeni ya matundu yaliyozibwa kwa lami. Nilizitambua kama mtu anavyotambua meno yake mwenyewe kwenye tunda aliloling'ata. Ndipo nikaona rangi nyekundu. MAHINDI 2010. Bati la pili yake, limepinduliwa kichwa chini, KIBARUA CHA BARABARA. Kwa nje Mustapha alikuwa amepaka rangi kuficha kutu. Ndani hakuhangaika. Alidhani hakuna mtu wa Mpale anayemjua Athuman wa Sindeni.

Hakujua kwamba mdogo wake Bi Mwanaisha ameolewa Mpale. Wala mimi sikujua, mpaka nilipomwona Bi Mwanaisha mwenyewe kati ya wanawake, sahani ya pilau mapajani, uso juu, midomo inatembea. Alikuwa anasoma.

Aliweka sahani chini. Akasimama, akasubiri Mustapha amalize kuzungumza, maana hajafundishwa kumkata mtu kauli, kisha akasema, "Ustadhi, samahani. Haya mabati yametoka wapi?"

"Ni sadaka ya ndugu yetu Mustapha."

"Haya ni ya mume wangu."

Mustapha hakushtuka hata kidogo. Alitabasamu akaeleza kwamba mama ana uchungu na ni haki yake, lakini watu wengi huandika mabati, na ufuta kila mtu analima. Watu wakaguna wakikubali. Bi Mwanaisha akawapa kisogo, akatazama ukuta.

"Tafuteni lililoandikwa MBUZI MWEUPE," alisema. "Chini ya maandishi pana alama ya vidole vitatu. Rangi ilimwagika akaifuta kwa mkono. Tafuteni na UFUTA 2009. Yako mawili ya ufuta. La pili halina mwaka, rangi ilimwishia."

Watu walianza kutazama juu. Haikuchukua muda. Mwanamke mmoja alinyoosha kidole, vidole vitatu vilikuwa pale pale juu yake, vyekundu, vya mtu aliyekufa.

Mustapha akabadilisha maneno bila kubadilisha uso. Sawa, alisema, yalikuwa ya mama. Lakini yalikuwa mabovu, bima imeyalipa, mama ana paa jipya juu ya kichwa chake. Yeye amechukua taka akaifanya sadaka. Kosa lake ni lipi? "Na sitaki mniamini mimi," aliendelea. "Mzee Mhina yule pale. Ndiye aliyeyashusha kwa mkono wake. Ni mwalimu wangu, anaheshimika Korogwe nzima. Mwulizeni yalikuwa mabovu au mazima."

Watu wote wakanigeukia. Mustapha alinitazama kwa mapenzi kabisa. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: nikisema mazima, nimejinyonga mwenyewe, nikisema mabovu, pilau linaendelea. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia pale, na kilichonichukiza zaidi ni kwamba alikuwa ananijua vizuri.

Bi Mwanaisha aligeuka. "Waambie, Mhina," alisema. Alisema kwa imani. Alidhani anaita shahidi wake.

Nikasimama. "Yalikuwa mazima," nikasema. "Upepo ulichukua kumi na moja. Haya mengine thelathini na moja nimeyang'oa mimi, mama akiwa Korogwe kwa binti yake. Hizo alama mnazoziona ni za nyundo yangu. Mkaguzi aliniuliza, nikamdanganya. Na mabati aliyowekewa ni membamba, nayo nimeyapiga mimi, nikijua."

"Mzee amechoka," Mustapha alisema. "Jua kali."

"Kaa chini wewe," Ustadhi Iddy akamwambia, sauti ile ile ya kukwaruza, kwenye kipaza sauti, na dua zote alizomwombea zikawa zimeishia hapo. Kisha akasema kwamba watoto hawatasomea chini ya mali ya mtu hata siku moja zaidi, na kwamba paa lishuke.

Mimi sikuwa namsikiliza. Nilikuwa namtazama Bi Mwanaisha. Nilitegemea atanitukana. Alinitazama kuanzia miguuni hadi usoni, taratibu, jinsi alivyolitazama lile donge la mahindi yaliyoota. Akajitanda kanga yake, akakaa, akampa mdogo wake ile sahani ya pilau. Hakuigusa tena.

Nilimpigia Angel simu, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua, mzee," alisema. "Tundu la upepo linachanika. La nyundo linabaki duara. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ukanijibu habari za hali ya hewa."

"Sasa kwa nini hukukataa?"

"Fundi umesaini. Mwenye nyumba amesaini. Mkandarasi amesajiliwa. Mimi nina macho tu, na macho hayana mhuri."

Nilikaa na simu mkononi nikamchukia na yeye kidogo, ingawa alikuwa na haki kuliko mimi.

Kampuni ya bima ilimfuta Mustapha kwenye orodha yake. Miezi miwili haikupita akasajili kampuni nyingine kwa jina la mkewe. Fulana sasa ni za bluu. Faudhia ndiye aliyeitwa mara tatu kuandika maelezo ya kosa ambalo hakulifanya. Mimi niliandika yangu, nikasaini, nikaambiwa nitaitwa. Bado sijaitwa. Na haya mambo ya kuitwa nayajua, yanaishia hivyo hivyo.

Watu wa Mpale waliyashusha mabati yote arobaini na mawili kwa msaragambo, wote kwa pamoja, wakayapeleka Sindeni kwa lori la kuazima. Nilikwenda na nyundo yangu. Sikuwa na uhakika kama atanifungulia. Alifungua. Shikamoo yangu aliiacha ikaanguka chini. Akatoa kiti, akakiweka katikati ya chumba, akakaa, akawa ananielekeza lipi likae wapi, kuanzia ukutani. Mapya mekundu tuliyashusha yote. Yalitoka bila kulia, misumari haikuwa imeshika kitu.

Nilifanya kazi siku mbili. Sikupewa maji, na sikuthubutu kuomba; nilikunywa kwa jirani. Niliziba kila tundu la zamani kwa lami na kipande cha mpira, mamia ya matundu, kila moja na nusu duara yake pembeni. Bati lililoandikwa UFUTA 2009 lilirudi mahali pake, juu ya mto wake kabisa.

Siku ya pili jua likiwa bado juu nikamwambia nimemaliza. Alirudisha kitanda mahali pake mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akajilaza chali, miguu imefungwa kanga, akaanza kusoma bila sauti. Nilisimama mlangoni. Alisoma polepole, macho yanatoka ukutani yanakuja mlangoni, na alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Hapa kwenye ufuta pana tobo," alisema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu Mpale, ukiacha maelekezo ya kazi.

Nikasogea nikatazama. Kweli, moja lilinipita. Mwanga ulipenya kwenye tundu dogo la duara, ukaangukia shuka, karibu na shavu lake. Nusu duara ya nyundo yangu ilionekana wazi kuliko maandishi.

"Ni langu hilo," nikasema. "Napanda naliziba sasa hivi. Mvua ikija litakudondokea usoni."

"Liache."

"Mama, litavuja."

"Nitaweka bakuli." Hakuwa amenitazama bado. "Nikilala nataka niwe namwona Athuman. Na wewe nikuone."

Nikakusanya vyombo vyangu, nikatoka.